Maswali ya wasomaji: Maji meupe kabisa, mbona kaa wamepotea?

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Mi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Lushoto, nasimamia klabu ya mazingira. Nyuma ya shule kuna kijito kinatoka msituni, kinapita kwenye bustani za kabeji na nyanya ndo kinafika kwetu. Zamani watoto walikuwa wanakamata kaa chini ya mawe, saivi hamna hata mmoja, ila maji ukiyaangalia ni meupe kabisa. Wazee wanasema kijito kinaumwa, wenye bustani wanasema maji meupe hayana shida. Maabara hatuna na hela ya vipimo hatuna. Tutajuaje nani mkweli?

JIBU: Marahaba binti yangu. Mi nawasikiliza wazee. Dawa ya kuulia wadudu ikishachanganyika na maji mengi huioni, mtu akisuuza pampu yake pale juu asubuhi, jioni we ukichota unaona maji mazuri tu, kumbe dawa imeshapita na waliokuwa chini ya mawe wameshakufa. Hata ungekuwa na hela ya maabara, chupa moja ingekwambia habari za dakika ile uliyochota basi, lakini mdudu anayeishi humo wiki na miezi ndo anajua yote yaliyopita. Kwahiyo muulizeni yeye.

Afrika Kusini wana kipimo cha wadudu wa mtoni kinaitwa SASS, na cha mito ya Tanzania kipo pia, TARISS, kilichapishwa 2015. Hivyo vinataka mtu aliyesomea. Ila kuna kidogo chake, miniSASS, chenye makundi 13 tu ya wadudu, na watoto wa darasa la tano wanakiweza kabisa.

Tafuteni wavu wa dirisha mushone kwenye fremu ya waya, na beseni jeupe. Tafadhali sana msichukue chandarua cha msaada, vile vina dawa, mtaua haohao mnaowatafuta. Mmoja asimame anaangalia maji yanakotoka, wavu mbele ya miguu, mwenzake ageuze mawe na kuyasugua hapo mbele ya wavu, maji yenyewe yataleta wadudu ndani. Fanyeni kama dakika tano, mguse mawe, mchanga na majani ya pembeni, mahali pamoja hapatoshi. Msiende mara baada ya mvua kubwa maana mafuriko yanawasomba, subirini maji yatulie.

Sasa kwenye beseni ndo kuna raha, na hapa msiwe na haraka. Kila kundi lina pointi zake, wasiovumilia uchafu wana nyingi, wanaouvumilia wana chache. Kadudu kenye mikia miwili na vitu kama manyoya kwapani kana pointi 17, ndo ya juu kuliko zote, na kenyewe hakavumilii uchafu hata kidogo, kanataka maji ya baridi yanayokimbia yenye oksijeni nyingi. Wenye mikia mitatu na vijani vya kupumulia ubavuni, wale bapa wanaong'ang'ania jiwe wana 11, ila wale wembamba wanaochomoka kama visamaki wana 5, wanavumilia zaidi kwahiyo msiwachanganye. Funza wanaojijengea vijumba vya mchanga au vijiti 9. Kaa 6, watoto wa kereng'ende 6. Mende wa maji na jamaa zake 5. Konokono 4, ruba 2, minyoo 2, na funza wa mbu na nzi, pamoja na vile vidudu vyekundu vya kwenye tope, 2. Hamhesabu wako wangapi, mnaangalia kundi lipo au halipo, mnajumlisha pointi mnagawanya kwa idadi ya makundi.

Tuseme kule juu karibu na msitu mmepata mikia miwili, wale bapa, wenye vijumba, kaa na kereng'ende, hiyo ni 49 gawanya kwa 5, inakuja 9.8, kijito kizima hicho. Nyuma ya shule mkapata minyoo, ruba, konokono, funza wa nzi na mende, 15 kwa 5 ni 3. Chini ya 5 hali ni mbaya. Lazima mpime sehemu zote mbili, juu ya bustani na chini yake, namba moja peke yake haimshtui mtu. Inawezekana pia tatizo ni udongo unaoshuka mashambani ukaziba nafasi katikati ya mawe, au miti ya kivuli imekatwa maji yakapata joto, kwahiyo andikeni na hayo.

Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ila mi nisingeanza na sheria, wale ni wazazi wa wanafunzi wako na bustani ndo ada ya shule. Waiteni waone mabeseni mawili, la juu na la chini, alafu mkubaliane pampu zisuuzwe mbali na maji na pembeni yaachwe majani. Ikishindikana, nendeni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani na daftari lenu. Wadudu warudisheni majini, na kila jiwe lirudi lilivyokuwa.

SWALI: Mzee, mini-SASS hiyo ikitoa namba nzuri tunaweza kunywa maji?

JIBU: Hapana mwanangu. Wadudu hawajali vimelea vya kinyesi, maji ya kunywa mchemshe tu. Na mahali maji yametuama penye konokono vaeni gambuti, kichocho kinaingilia kwenye ngozi. Mtoto akikojoa damu apelekwe kituo cha afya, dawa yake ipo.