Niongeze hela nichukue i7 au niweke SSD?

SWALI: Habari za kazi kaka, mimi nina steshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma, natype barua, napiga pasipoti saizi, nawajazia wanafunzi fomu za mkopo. Laptopu yangu ina prosesa ya i5-8250U, ramu GB 8, hadi diski GB 500, nikiiwasha asubuhi nafagia duka zima naweka na meza nje bado duara linazunguka na wateja wameshapanga foleni. Kuna jamaa ana i7 anataka tubadilishane nimuongezee hela, nayo ina hadi diski ya kawaida. Fundi mwingine anasema weka SSD tu. Nimsikilize nani? – Msomaji, Mwanga

JIBU: Dada yangu, msikilize fundi wa SSD (diski isiyo na sahani inayozunguka), na huyo wa i7 usimpe hela kabla hajakutajia namba kamili ya prosesa, maana i7 sio zote kali. i7-7500U kwa mfano ina kora (sehemu za prosesa zinazopiga kazi) 2 tu, yako ina 4, halafu hiyo haimo kwenye orodha ya Microsoft ya prosesa za Windows 11 wakati yako imo, na Windows 10 waliacha kuihudumia 14 Oktoba 2025. Ukiangukia hiyo umeongeza hela ili urudi nyuma.

Kinachokuchelewesha asubuhi ni diski. Ndani yake kuna sahani inayozunguka na kichwa kinachosoma, na diski nyingi za laptopu zinazunguka mara 5,400 kwa dakika, kwahiyo kila faili linapoitwa sahani inachukua wastani wa milisekunde 5.6 kufika pale kichwa kilipo, bado muda wa kichwa chenyewe kusogea. Windows ikiwaka inaita mafaili madogo madogo maelfu, piga hesabu mwenyewe. Hata wakikupa ya 7,200 unashuka mpaka 4.2 tu, usihangaike nayo. SSD haina kinachozunguka, inajibu chini ya milisekunde moja, na hata ukiipakia kwenye bodaboda kutoka Ujiji mtikisiko hauisumbui kama unavyoisumbua diski ya sahani.

Usiniamini mdomo mtupu, pima. Mashine ikiwa imekwama bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, humo angalia safu ya Disk na ya CPU. Disk ikiwa 100% na CPU inacheza kwenye 15% basi jibu unalo. Ikiwa kinyume, CPU imejaa na diski imetulia, hapo ndo prosesa inahusika, na hiyo utaiona kwa wanaokata video za harusi, sio kwenye barua na fomu. Na prosesa ya laptopu yako imechomelewa kwenye mazabodi, huwezi kuchomoa ukaweka nyingine, ila diski inatoka kwa bisibisi.

Kabla ya kununua mwambie fundi afungue aone nafasi, maana kuna SATA ya inchi 2.5 (umbo la kiboksi bapa) na kuna M.2 (kipande chembamba kama ramu), na M.2 nazo zipo za SATA na za NVMe (hizi zina kasi zaidi), ukikosea haikubali. Kwa kazi zako SATA inatosha kabisa. Chukua GB 240 au zaidi, mwambie akopi Windows yako ilivyo, ila vitu ulivyonavyo visizidi nafasi ya hiyo SSD.

Diski ya zamani usimwachie fundi, ina vyeti na namba za NIDA za wateja wako. Nunua kasha la USB uitie humo, kila Ijumaa jioni kopi kazi zako, kwasababu SSD ikifa mara nyingi haipigi kelele ya kukushtua, inazima tu.