Rangi Kwenye Skrini Haitoshi: Kwa Wanaoanza Kupima Vali ya Mitrali Inayovuja

Wenzangu mnaoanza kupima moyo kwa mawimbi ya sauti, nawasihi msikimbilie kuwasha Dopla ya rangi, ile inayoonyesha mwendo wa damu kwa rangi. Itazameni kwanza vali ya mitrali yenyewe, iliyo kati ya chemba ya juu na ya chini za upande wa kushoto wa moyo, katika picha isiyo na rangi: je, pazia lake mojawapo limechomoza kuelekea chemba ya juu, kamba inayolishikilia imekatika, au mapazia ni mazima ila chemba ya chini imetanuka hata yakashindwa kukutana? Jibu lake ndilo linalotenganisha ugonjwa wa vali na ugonjwa wa misuli ya moyo, na matibabu yake hayafanani.

Kosa ninalolikumbuka hadi leo lilitokana na rangi. Mgonjwa alikuwa akihema kwa shida, lakini kwenye skrini niliona mkondo mwembamba tu ulioambaa ukutani mwa chemba ya juu ya kushoto, nami nikaandika kwamba uvujaji ni mdogo. Daktari aliyenisimamia alinirudisha kitandani kwa mgonjwa. Tulipoikuza picha, tuliona chini ya vali nusu duara kubwa la rangi, pale damu inapoongeza kasi ikilielekea tundu linalovuja, na katika mshipa utokao mapafuni damu ilikuwa ikirudi nyuma kila moyo uliposukuma. Uvujaji ulikuwa mkubwa. Mkondo unaoambatana na ukuta huonekana mdogo kuliko ulivyo.

Tangu siku hiyo silipiti lile nusu duara bila kulipima. Ninashusha kikomo cha kasi ya rangi hadi sentimita 40 kwa sekunde, kisha napima umbali kutoka kwenye tundu hadi rangi inapobadilika. Umbali huo ukiwa sentimita 1, na kasi ya juu ya mkondo ikiwa sentimita 500 kwa sekunde, tundu lina takribani sentimita 0.5 za mraba. Kwa ugonjwa wa vali yenyewe, kuanzia 0.4 uvujaji huhesabiwa kuwa mkubwa. Hata hivyo, damu ikivuja mwishoni tu mwa msukumo, kama inavyotokea mara nyingi kwa vali iliyochomoza, hesabu hiyo hutia chumvi.

Andikeni pia shinikizo la damu la wakati wa kipimo, kwa maana mgonjwa yuleyule akipimwa likiwa 170 na likiwa 110 hatatoa picha moja, na akiwa katika usingizi wa dawa uvujaji unaweza kuonekana umepungua ilhali vali haijabadilika hata kidogo.