Kuingia Bila Viza Hakukupi Ruhusa ya Kufanya Kazi

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, nimepata kazi ya mtandaoni na kampuni ya nje. Nataka kwenda nchi ambayo paspoti yangu haihitaji viza, nikae miezi mitatu huku naendelea na kazi. Mwajiri hayuko kule na mshahara hauingii kule. Kuna tatizo gani?"

Mdogo wangu, tatizo lipo. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua wengi mna mpango huohuo, na ni mpango mzuri ukifanywa sawasawa.

Msamaha wa viza unakuruhusu kuvuka mpaka kama mgeni. Utembee, uone jamaa, pengine uhudhurie mkutano. Likija suala la kazi, nchi nyingi haziulizi mshahara unatoka wapi. Zinauliza umekaa wapi unapoifanya.

Mimi natunza hesabu za kampuni iliyoko ng'ambo. Nilipotaka kwenda Mauritius, wenzangu walinishauri niingie kama mtalii, niwashe VPN (programu inayoficha uko wapi mtandaoni), ninyamaze. Nikakataa. Nikamwandikia meneja wangu kuomba barua ya kuniruhusu kufanya kazi nikiwa kule, naye akajibu kwa mstari mmoja: "Kwa nini unatutafutia matatizo?" Jibu lile liliniuma na bado linaniuma, maana hakuna mwezi niliochelewa kufunga hesabu zao. Kwenye kikao cha timu mmoja akanitania kwamba nimekuwa mlokole wa uhamiaji, wote wakacheka.

Sikurudi nyuma. Niliandika tena, safari hii kwa idara ya utumishi. Nikataja nchi, tarehe za kwenda na kurudi, saa zangu za kazi, na kwamba nikiwa kule sitatafuta wateja wala kusaini mkataba wowote kwa niaba ya kampuni. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyowalainisha. Hofu kubwa ya mwajiri ni kwamba mamlaka ya kodi ya nchi uliyopo itasema kampuni ina makao ya kudumu pale kupitia wewe, kisha iidai kodi. Ukiigusa hofu hiyo mapema, mnaongea lugha moja. Barua nikapewa.

Kisha nikaomba Premium Visa ya Mauritius, iliyoanzishwa 2020 kwa ajili ya watu kama sisi. Nilipoiomba ilitolewa bila ada, ilikupa hadi mwaka mmoja, na ulitakiwa kuonyesha kipato cha angalau dola 1,500 za Marekani kwa mwezi, bima, na kwamba hutaingia katika soko la ajira la pale. Uwanjani afisa aliisoma barua yangu mara mbili, kidole kikifuata mistari, akauliza: "Una mteja yeyote hapa?" Nikasema sina. Akagonga mhuri. Wale waliocheka leo wanaomba barua kwa kutumia ile niliyoiandika mimi, na sioni haya kusema kwamba najivunia hilo.

Kwa hiyo anza na sheria ya nchi yenyewe, kwenye tovuti ya uhamiaji wao, usitegemee kundi la WhatsApp. Zipo nchi zilizosema wazi. Uingereza, tangu tarehe 31 Januari 2024, inamruhusu mgeni kufanya kazi ya mwajiri wake wa nje mradi hiyo isiwe sababu kuu ya safari. New Zealand ilifuata tarehe 27 Januari 2025. Kanada nayo inamruhusu mgeni kumfanyia kazi mwajiri wa nje. Thailand ina DTV, viza ya miaka mitano inayokupa siku 180 kila unapoingia. Nchi isiposema lolote, usichukulie ukimya wake kuwa ni ruhusa. Waandikie.

Halafu kodi. Watu wameikariri namba 183 kama dua, wakiamini kwamba wakikaa katika nchi chini ya siku 183 hawadaiwi kitu. Kinga hiyo mara nyingi hutokana na mkataba wa kodi kati ya nchi mbili, na ina masharti mengine zaidi ya siku. Pasipokuwa na mkataba, nchi inaweza kukutoza kwa kazi uliyoifanya pale tangu siku ya kwanza. Na ruhusa ya uhamiaji haikuondolei kodi; ni ofisi mbili tofauti.

Usidanganye mpakani. Narudia, usidanganye. Ukisema "matembezi tu" na begani una kompyuta mbili na ratiba ya vikao kwenye simu, ukirudishwa rekodi hiyo inakufuata, maana fomu nyingi za viza zinauliza kama umewahi kukataliwa kuingia mahali. Hao wanaokuambia uwashe VPN hawatakuwepo siku hiyo. VPN inaficha anwani ya mtandao, haifichi mhuri kwenye paspoti.

Mdogo wangu, hukunitajia nchi. Nitajie, lakini kabla hujanijibu fungua mkataba wako wa kazi usome kifungu cha mahali pa kazi na kile cha usalama wa data. Baadhi ya kampuni zinakataza mafaili ya wateja kufunguliwa nje ya nchi zilizotajwa, na kama yako ni mojawapo, hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo na mwajiri.