Ng'ombe yumo kwenye kamusi, lakini haonekani

Wanaonijia na maswali ya kamusi za kielektroniki wengi wameshamaliza kazi ngumu: maneno wanayo, maana wameziandika. Kinachowakwamisha ni kumwezesha msomaji kulipata neno. Haya ni maswali sita ya hivi karibuni.

*Nina kamusi ya istilahi za kilimo kwenye Word, maneno kama 2,000. Nikiigeuza kuwa PDF si kazi imekwisha?*

Kwako imekwisha, kwa msomaji bado. Akitafuta "mbegu", PDF itampeleka kila mahali neno hilo lilipotajwa: kwenye maelezo ya kitalu, ya mche, ya palizi, na huenda akachoka kabla hajafika kwenye mbegu yenyewe. Faili hiyo haijui kidahizo (neno linaloelezwa) ni kipi na mfano wa matumizi ni upi. Inachojua ni kwamba maandishi haya yamekozwa (bold) na yale hayakukozwa.

Hamishia kazi yako kwenye jedwali. Mstari mmoja uwe kitomeo kimoja, yaani kidahizo pamoja na maelezo yake yote, na safu ziwe kidahizo, aina ya neno, wingi, maana, mfano, na neno la kurejelea. Inachosha, sikufichi. Lakini kama ulikuwa mwangalifu ukakoza vidahizo tu, Word inaweza kutafuta kila kilichokozwa na kukiwekea alama mbele yake, kisha ukakata kwa kufuata alama hizo. Baada ya hapo jedwali ndilo kamusi yako. PDF, EPUB (faili ya kitabu cha kielektroniki) na hata kitabu cha karatasi vyote vinatoka humo, na kosa unalisahihisha mara moja tu.

*Kwenye kamusi yangu nikiandika "ng'ombe" naambiwa halipo, na ninaliona kwa macho yangu!*

Tazama ritifaa, ile alama ndogo baada ya "ng". Word ina tabia ya kuigeuza ile iliyosimama wima (') kuwa iliyopinda (’), na kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti kabisa: katika Unicode, orodha ya namba za herufi zote, ya kwanza ni U+0027, ya pili ni U+2019. Kamusi yako ina iliyopinda, kibodi ya msomaji inatoa ya wima, basi ng'ombe, ng'oa na ng'ara wote wamepotea zizini. Wako pia wanaofungua kwa ritifaa iliyogeuka, yaani ‘, nayo ni herufi ya tatu.

Chagua moja kwa jedwali zima (mimi hutumia ya wima), kisha hizo nyingine, pamoja na "ngombe" isiyo na ritifaa, uzisajili kama njia za pembeni zinazofika kwenye kitomeo kilekile. Watu wanaandika "ngombe" kila siku. Kamusi inaweza kuwaonyesha tahajia sahihi baada ya kuwafungulia mlango.

*Msomaji akigusa "walitupiga" ndani ya riwaya, nawezaje kumfikisha kwenye "piga"? Niorodheshe maumbo yote?*

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na wenye programu nyingi hawakutufikiria walipozitengeneza.

Piga hesabu kidogo. Viambishi vya nafsi ni 6 (ni, u, a, tu, m, wa). Chukua njeo (nyakati) nne tu: na, li, ta, me. Hayo ni maumbo 24. Ongeza kiambishi cha mtendwa (ni, ku, m, tu, wa): 24 mara 5 ni 120. Jumla 144, ingawa machache kama "nilinipiga" hayasemwi. Bado hatujagusa ukanushi, masharti, urejeshi, wala ngeli nyingine. Sasa zidisha kwa pigwa, pigia, pigana na pigisha. Kitenzi kimoja kinakula faili nzima.

Kwa hiyo usiorodheshe yanayowezekana, orodhesha yanayotumika. Kusanya matini nyingi za aina ambayo wasomaji wako wanaisoma, toa orodha ya maneno yote kwa idadi ya kutokea, kisha anza kuunganisha kutoka juu: "alikuwa" na "wa", "wakasema" na "sema". Programu ndogo ya kukata viambishi itakufanyia sehemu kubwa, ila usiiamini peke yake. "Hali" ni nomino, na pia ni ukanushi wa "kula" (yeye hali nyama). Neno la namna hiyo lifungue vitomeo vyote viwili, msomaji achague mwenyewe.

Minyambuliko ningeipa vitomeo vyake pale maana inapohama. "Pigana" inastahili chake. Nomino ni nyepesi: jicho na macho, ulimi na ndimi, ufunguo na funguo. Wingi ukiwa na safu yake kwenye jedwali, umemaliza.

Tena, tenganisha umbo la kuonyesha na umbo la kutafutia. Kwenye ukurasa andika "pig.a" au "-zuri" upendavyo, lakini ufunguo wa kutafutia uwe "piga", na kwa kivumishi "zuri", "mzuri", "kizuri", "nzuri". Hakuna msomaji anayeanza kutafuta kwa kistari.

*EPUB, Kindle au StarDict?*

Inategemea msomaji anasoma kwa kifaa gani. EPUB inafunguka karibu kila mahali. Mwaka 2015 yalitolewa hata maelekezo rasmi ya kamusi za EPUB, yenye faili maalumu ya funguo za kutafutia. Kwa bahati mbaya programu nyingi za kusomea haziyafuati, kwa hiyo mara nyingi EPUB yako itasomwa kama kitabu cha kawaida chenye viungo.

Kindle ina kamusi za kweli: unagusa neno, maana inatokea. Unaziandaa kwa HTML (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti) yenye alama zake, idx:entry kwa kitomeo, idx:orth kwa kidahizo na idx:iform kwa maumbo mengine, na unataja lugha ya kutoka na ya kwenda.

Mimi ningeanza na StarDict, muundo wa faili za kamusi unaosomwa na programu mbalimbali. Programu ya kusomea vitabu ya KOReader na ile ya kamusi ya GoldenDict zinaisoma, na faili yake ya .syn, ya maumbo ya ziada, ndiyo mahali pa "walitupiga" na "ngombe". Angalizo moja: maneno kwenye .idx, faili ya orodha ya vidahizo, lazima yapangwe kwa utaratibu wake wenyewe. Yakikosewa mpangilio, baadhi yatapatikana na mengine hayatapatikana, nawe utahangaika wiki nzima ukidhani tatizo ni tahajia.

*EPUB yangu inachukua muda mrefu kufunguka.*

Bila shaka umeweka kamusi nzima kwenye ukurasa mmoja wa HTML. Gawa kwa herufi, na M na K zikiwa kubwa mno, zigawe tena.

*Nina kamusi ya zamani ya karatasi. Naweza kuiskani na kuisambaza?*

Anza na hakimiliki. Mkataba wa Berne, wa kimataifa kuhusu hakimiliki, unataka ulinzi wa angalau miaka 50 baada ya mwandishi kufariki, na nchi nyingi zimefika 70. Neno "meza" si mali ya mtu, lakini maelezo yake na mfano uliotungwa vina mwenyewe.

Ukishajua uko huru kuisambaza, jiandae kwa safu mbili. Programu ya kusoma picha hupenda kuvuka kutoka safu ya kushoto hadi ya kulia, ikakuchanganyia vitomeo viwili katika sentensi moja. Kata kila ukurasa katikati kabla ya kuisomesha. Ikimaliza, tafuta kila "ng" kwenye matokeo na kuifananisha na karatasi, kwa sababu ritifaa ndogo ndiyo ya kwanza kudhaniwa kuwa uchafu wa kioo cha skana.