Sura za Wakubwa katika Bamba la Shaba

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, katika kitabu cha historia ya Ufaransa nimeona picha za mawaziri na maaskofu wa karne ya 17, zote za wino mweusi, uso ukiwa ndani ya fremu ya umbo la yai na vyeo vimeandikwa chini. Watu hao waliweza kuwalipa wachoraji wa rangi; kwa nini basi walizitaka picha hizi, na zilitengenezwaje? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Picha ya rangi ilikuwa moja tu, nayo ilitundikwa ukumbini alikofika aliyeruhusiwa. Bamba la shaba lililochongwa sura na kutiwa wino lilitoa mamia ya nakala kabla mistari yake haijachakaa, na nyingi kati ya hizo ziligawiwa kama zawadi kwa jamaa, wateule na waombaji wa fadhila. Huko Paris, mwanafunzi mwenye uwezo aliyejiandaa kutetea hoja zake mbele ya wanazuoni alichapisha hoja hizo kwenye karatasi kubwa, juu yake akaweka sura ya mfadhili wake, kisha akawagawia waalikwa. Kwa maoni yangu, aliyesifiwa hapo hakuwa mtahiniwa.

Bingwa wa kazi hii alikuwa Robert Nanteuil, mzaliwa wa Reims aliyefariki Paris mwaka 1678, ambaye alichonga sura zaidi ya 200, ikiwamo ya Mfalme Louis wa 14 mara kadhaa. Alimchora mhusika kwanza ana kwa ana, mara nyingi kwa pasteli, yaani chaki laini za rangi, ndipo akaihamishia sura hiyo kwenye shaba. Mchongaji alisukuma kalamu ya chuma yenye ncha kali, na alipotaka mstari upinde aliligeuza bamba lenyewe juu ya mto wa ngozi. Alipokandamiza zaidi, mstari ulinenepa na kivuli kikakolea. Nywele zilipata mistari mirefu inayotiririka, ilhali shavu lilijengwa kwa nukta na vikwaruzo vifupi mno. Wino ulijazwa mifereji hiyo, uso wa bamba ukafutwa, kisha karatasi yenye unyevu ikabanwa juu yake kwa mtambo wa rola.

Mwaka 1660 mfalme huyo alitoa amri iliyoutambua uchongaji huu kuwa sanaa huru, isiyofungwa na kanuni za vyama vya mafundi. Mhusika alipopandishwa cheo, bamba halikutupwa: maandishi yalikwanguliwa na kuchongwa upya, na ndiyo sababu wakusanyaji wa leo huyachunguza kwanza maandishi ya chini ili kujua nakala ipi ilitangulia.