Maswali Yenu: Kalamu Nyekundu Shuleni

Mwanangu wa gredi ya 5 alichora malaika katika somo la sanaa. Mwalimu akaichana karatasi mbele ya wenzake, ati haramu. Nifanyeje? (Mama, Likoni)

Pole, dada. Kuchora vyenye roho kuna mjadala wake baina ya wanazuoni, nami si mtu wa kutoa fatwa hapa. Lakini kuchana karatasi ya mtoto ni hasira tu. Angemwambia achore jahazi au nakshi za mlango, kipindi kikaendelea. Nenda umwone, ukiwa umetulia. Kisha siku moja vukeni feri, mpeleke mtoto Fort Jesus akaone meli walizochora mabaharia Wareno ukutani. Ngome ile ilitwaliwa na Waomani mwaka 1698, Waingereza wakaigeuza jela, na michoro ingalipo.

Ni mada gani haziruhusiwi katika mchezo wa kuigiza? (Kidato cha 3, Changamwe)

Soma Kifungu cha 33 cha Katiba. Kinautaja uhuru wa ubunifu wa kisanii waziwazi, kisha kinakataza propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Kumkera mbunge hakumo.

Wale wasichana wa Butere walikosa nini hasa? (Wasomaji wanne)

Tena? Mwaka 2013 mchezo wa shule yao, *Shackles of Doom*, ulipigwa marufuku, Mahakama Kuu ikaufungulia. Aprili 2025 mahakama ikaagiza mchezo wao mwingine, *Echoes of War*, upewe jukwaa. Huko Nakuru, kwenye tamasha la maigizo, polisi wakarusha vitoa machozi, wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza. Swali lenu mpelekeeni aliyerusha.

Nafundisha Kiswahili. Mchezo wetu una ustadhi mla rushwa, na mwalimu mkuu ataka awe mganga ili tusiudhi dini. Nikubali? (Mwalimu, Kisauni)

Usikubali, ila kwanza mwulize kama ameusoma. Niliwahi kuushika mswada wa shule moja hapa Mombasa, neno "kadhi" limekatwa kwa kalamu nyekundu kila lilipotokea. Mchezo wenyewe ulikuwa ukimsifu kadhi! Mara nyingi dini husingiziwa tu. Kinachoogopwa ni simu kutoka juu.

Na mji huu si mgeni wa maneno makali. Mshairi wetu wa kale, Muyaka, aliwachoma watu kwa mashairi kabla ya shule hizi kujengwa. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa hapa hapa, alifungwa miaka mitatu kwa kijikaratasi cha *Kenya: Twendapi?* cha mwaka 1968. Huko jela akatunga diwani ya *Sauti ya Dhiki*, tena kwenye karatasi za msalani, na mwaka 1974 ikapata tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Leo twamsomesha madarasani bila haya.

Lakini nawe, mwalimu, mwandike huyo ustadhi awe mtu, si kikaragosi. Mpe mcha Mungu mwingine wa kumkabili. Mwalike imamu na mchungaji wa mtaani kwenye mazoezi, wakae mbele wale kashata, waseme. Na kama una kisa chako na ustadhi fulani, kimalize mwenyewe. Usiwatume watoto wa watu.

Kitabu cha fasihi cha binti yangu kina maneno machafu. Wazazi tubandike karatasi kwenye kurasa hizo? (Baba, Nyali)

Bandikeni. Watazisoma hizo kwanza, wakiuinua ukurasa dirishani mwanga upenye.