Umeshahama, Ankara Bado Inakufuata: Anzia Kwenye Mita

Wiki hii msomaji ameniandikia kwa uchungu. Alirudisha funguo, nyumba akaiacha safi, na wiki sita baadaye mwenye nyumba akamtumia ujumbe kwamba uniti 66 za maji zitakatwa kwenye amana yake. Alijibu: "Mimi nilishahama." Ni kweli, ila jibu hilo halimtoi mtu kwenye deni. Kinachomtoa ni vitu viwili: tarehe funguo zilipopokelewa, na mita ilisoma ngapi siku hiyo.

Kabla ya kubishana, dai ankara yenyewe, kurasa zote. Kiasi kilichoandikwa kwenye ujumbe wa simu si ankara. Tazama namba ya mita, usomaji wa awali, usomaji wa sasa, na tarehe za mwanzo na mwisho wa kipindi. Namba ya mita ilinganishe na ile iliyo kwenye mita ya nyumba uliyokaa. Mita zikipangwa mstari mmoja ukutani, ni rahisi mno kulipishwa maji ya jirani. Halafu angalia kama mita ilisomwa kweli au walikadiria. Makadirio kwa kawaida hufuata matumizi ya nyuma, ya wakati nyumba ilikuwa na watu, kwa hiyo hata nyumba tupu itaandikiwa maji.

Turudi kwa msomaji wetu. Ankara inaanza 1,455 na kuishia 1,521. Bahati nzuri alipiga picha ya mita siku ya kukabidhi: 1,463. Basi deni lake ni uniti 8, na 58 zilitumika baada yake. Tozo za kudumu, zile zisizotegemea matumizi, zigawanywe kwa siku: kama alikaa siku 12 katika kipindi cha siku 30, alipe 12 kwa 30.

Picha nayo ina masharti yake. Namba ya mita na usomaji vionekane katika fremu moja, futa vumbi kwenye kioo, na usiikate wala kuirembesha. Kwenye mita nyingi za maji tarakimu nyeusi ni uniti kamili, kila moja lita 1,000, na nyekundu ni vipande vya uniti. Anayesoma akibeba tarakimu moja nyekundu kama nyeusi, usomaji unakuwa mara kumi. Ankara ikiruka ghafla namna hiyo, shuku hapo kwanza.

Huna picha? Chukua ankara tatu za mwisho ulizolipa. Tuseme jumla yake ni uniti 27 kwa siku 90: hiyo ni 0.3 kwa siku. Kwa siku 12 ni 3.6. Hesabu hii ni dhaifu kuliko picha, lakini inatosha kuonyesha kwamba 66 haziwezi kuwa zako. Ambatanisha ujumbe wa kukabidhi funguo, na mkataba wa nyumba uliyohamia.

Na hizo 58 zilikwenda wapi kama nyumba ilikuwa tupu? Mara nyingi ni tangi la choo linalovuja kimyakimya. Omba koki zote zifungwe, kisha mita itazamwe: kile kigurudumu kidogo katikati kikiendelea kuzunguka, maji yanapotea mahali, na uvujaji uliotokea baada ya funguo kurudi haukuhusu.

Malalamiko yaandike, hata kama mmeshaongea kwa simu. Yawe mafupi: "Nilikabidhi funguo tarehe fulani, mita ikisoma 1,463. Nakubali uniti 8 na tozo za siku 12. Uniti 58 nazikataa. Naomba ankara irekebishwe na nijibiwe kwa maandishi." Sehemu unayoikubali ilipe mara moja, na kwenye malipo andika ni ya nini. Ukizuia zote, utaonekana mkwepaji, na adhabu ya kuchelewa itaangukia hata zile 8 zilizo halali.

Mambo hugeuka pale akaunti inapokuwa kwa jina lako na hukuifunga. Hapo kampuni ya maji inakujua wewe, haimjui mwenye nyumba, na kuna uwezekano mkubwa ikakudai wewe kwanza. Ifunge leo hii, omba usomaji wa mwisho na namba ya kumbukumbu ya ombi lako, kisha zile 58 umdai mwenye nyumba kwa karatasi hizohizo.